Anayehesabu Ndiye Mkubwa

Nyinyi mnaobaki wodini ndio mlioniomba niwaandikie, kwa hiyo mkichoka katikati msinilaumu. Metroni alipendekeza nianze na cheo nilichoingia nacho, nimalizie na kile nilichotoka nacho. Hayo nitayaruka. Yako kwenye faili, na faili yangu, kama mnavyojua, imepotea mara mbili na kupatikana mara moja. Nitawaandikia habari za mikono yangu, kwa sababu ndiyo iliyofanya kazi, na habari za mdomo wangu, ambao siku moja ulifungwa na adabu mtu akafa. Tangu siku ile nimetaka kitu kimoja tu: nisiwarithishe mdomo kama huo.

Mimi ni mtoto wa laini. Baba alitoka Kisii kuja kuchuma chai, nikazaliwa katika zile nyumba za mashamba zilizopangwa mstari mmoja. Kikipsigis, lugha ya wenyeji wa huku, nilikijua kabla sijatambua kwamba nyumbani tunazungumza kitu kingine. Baadaye wazazi walihamia Sotik wakafungua duka, nami nikaenda kusomea uuguzi. Nikaajiriwa huku kwenye baridi, katika hospitali yetu ndogo iliyozungukwa na chai pande tatu na barabara upande wa nne. Jina lake silitaji, mnalijua.

Siku ya kwanza nilifika na koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Sista Rebeka, msimamizi wa wodi, alinitazama kutoka kiatu hadi kola, akanipa ufagio.

“Fagia yote,” alisema. “Nataka ujue kila kitu iko wapi bila kuuliza mtu.”

Nilifagia huku nimenuna. Wiki mbili baadaye mgonjwa alianza kutapika damu, na mikono yangu ikaenda yenyewe kwenye beseni, kwenye glavu, kwenye dripu. Hivyo ndivyo alivyofundisha. Alinionyesha kupasha moto kwapani kile kifaa cha kusikilizia moyo kabla ya kumgusa mzee kwenye baridi ya asubuhi. Alinionyesha jinsi ya kutafuta mshipa wa mchuma chai, ambaye ngozi ya mikono yake imekuwa ngumu na nyeusi kwa utomvu wa majani. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye shamba dogo la chai kule Mogogosiek, na hakuna aliyekumbuka kumwona akikosea. Nilimpenda kama mama, na balaa langu lilianzia hapo.

Mwingine niliyemzoea upesi ni Langat, dereva wa gari la wagonjwa. Tulikuwa rika moja. Mlango wa nyuma wa gari lake ulifungwa kwa kamba, na kila alipokata kona alipiga kelele, “Shika mlango!” hata kama nyuma kulikuwa na mgonjwa peke yake. Alikuwa akiniita Mgusii kana kwamba ni jina nililobatizwa. Tukawa marafiki.

Mwezi wa tatu, asubuhi ya mvua, Langat alianza kupiga honi tangu getini. Alikuwa amemleta karani wa mizani kutoka kituo cha majani. Yule bwana alikuwa akipima gunia la mkulima, akaanguka ndoano ingali mkononi. Tulimbeba, tukamlaza kwenye kitanda cha kwanza. Hakuwa na mapigo. Sista Rebeka akaanza kubonyeza kifua, mimi nikakaa kichwani na mpira wa kupumulisha, nikihesabu kwa sauti. Wakati ule tulihesabu kumi na tano, kisha pumzi mbili. Siku hizi ni thelathini, na msije mkasema mzee amewaambia vingine.

Kitanda kilikuwa kirefu kwenda juu na Sista mfupi. Mabega yake hayakufika juu ya mikono yake, kwa hiyo alisukuma kwa viwiko vilivyokunjika, na chini ya mgonjwa kulikuwa na lile godoro la sponji. Kila alipobonyeza, aliyeshuka alikuwa mgonjwa mzima pamoja na godoro. Kifua chenyewe hakikushuka. Niliona. Chuoni nilikuwa nimefundishwa kuweka kitu kigumu chini ya mgongo, kusimama juu ya kibao, kunyoosha viwiko. Nilikuwa na maneno hayo mdomoni, mabichi kabisa, ya mtihani wa juzi.

Nikahesabu kumi na tano. Nikaminya mpira. Nikahesabu tena kumi na tano.

Mnajua mlivyolelewa, kwa hiyo sihitaji kueleza sana. Mtu aliyekufundisha kushika sindano humwambii kwamba hajui kushika. Niliwaza, labda anachoka, atarekebisha mwenyewe. Niliwaza, labda mimi ndiye sioni vizuri. Nilihesabu kwa sauti nzuri sana siku ile, sauti ya kwaya, na baada ya muda mrefu Sista akasimama akafuta jasho, akasema basi.

Mke wa yule karani alikuwa kwenye benchi nje. Alikuwa ametoka shambani moja kwa moja, kapu la majani bado liko mgongoni, hajakumbuka kulitua. Sista alimweleza. Mama yule alilia, kisha akatushika mikono mmoja mmoja.

“Kongoi,” alitushukuru. “Mumejaribu.”

Nilijificha stoo nikalia. Hata leo sijui kama karani yule angepona. Wengi hawaponi hata ukifanya kila kitu sawasawa, na asiwadanganye mtu. Ninachojua ni kwamba hakupewa nafasi yake, na aliyejua hivyo alikuwa mmoja mle ndani.

Siku ya pili Sista alichemsha chai katika kile chumba kidogo cha jiko la wodi, mkabala na chumba cha kuoshea vyombo. Akatumiminia vikombe viwili, sukari nyingi.

“Wewe ndio ulikuwa unahesabu,” alisema. “Uliona nini?”

Nikasema tulifanya yote.

“Sijauliza tulifanya nini. Nimeuliza uliona nini.”

Nikatazama chai. “Niliona godoro, Sista. Godoro ndiyo ilikuwa inaenda chini.”

Aliweka kikombe. Nilingoja anifukuze, na nusu ya moyo wangu ilitaka anifukuze.

“Na hukusema.”

“Ningekuambiaje, Sista? Wewe ni mama.”

Aliondoa utando wa chai kwa kijiko. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba hadi leo: “Ulinihurumia mimi, Nyakundi. Na yule alikuwa amelala hapo akakosa wa kumhurumia.”

Hakunigombeza zaidi ya hapo. Mchana ule alimtuma Langat kwa seremala mmoja, akarudi na ubao uliokatwa kutoka sanduku la zamani la kusafirishia chai. Ndio ule ubao mnaouweka chini ya mgongo wa mgonjwa, wenye alama nyeusi za wino pembeni. Wengi wenu mlidhani ni namba ya hospitali. Ni namba ya chai.

Kisha akatunga sheria zake, na hizi ndizo nataka mzishike. Ya kwanza, katika kuokoa mtu, anayehesabu ndiye mkubwa, na kazi ya kuhesabu apewe aliye mdogo kuliko wote chumbani. Tabibu awe amesimama hapo, metroni awe amesimama hapo, mkubwa ni yule anayehesabu mpaka mambo yaishe. Ya pili, baada ya kila tukio, mgonjwa apone asipone, tunakunywa chai pamoja, na mwenye umri mkubwa anaanza kwa kutaja kosa lake mwenyewe. Watu wakaiita chai ya makosa. Mara ya kwanza tulipoinywa, Sista Rebeka alisema mbele ya wodi nzima, “Mimi nilibonyeza godoro, mtu akafa.” Hakuna aliyethubutu kumeza.

Maneno yenyewe nilikuja kuyaongeza mimi, baada ya kukosea upande wa pili. Nilikuwa nimekuwa mtu wa kusema sasa, tena kwa wingi, kama mtu aliyefunguliwa mdomo baada ya Kwaresima. Siku moja muuguzi kijana aliyeitwa Kiprono alikuwa akibonyeza kifua cha mama mmoja, kasi yake ikapungua. Nikamwambia, “Umelala? Hata nyanya yangu anaweza kukushinda hapo!” Mikono ya Kiprono ikasimama kabisa. Alinitazama. Sekunde zile tatu au nne ambazo hakuna aliyebonyeza zilikuwa zangu, na kwenye chai ilibidi nizitaje.

Kwa hiyo tukakubaliana maneno manne. *Chini*, maana yake kifua hakishuki vya kutosha. *Achilia*, maana yake umekiegemea, kiache kiinuke chote kabla hujashuka tena. *Kasi*. Na *Badilisha*, maana yake toka, mwingine aingie, na hilo halijadiliwi. Hakuna “samahani”, hakuna “Daktari”, hakuna jina la mtu wala la nyanya yake. Unakisema kifua, humsemi mtu. Anayeambiwa anajibu “sawa” na kufanya. Tabibu mmoja aliyehamishiwa kwetu aliniuliza, “Yaani huyu mwanafunzi ananiambia mimi *chini*?” Nikamwambia hapana, anakiambia kifua, wewe umesimama tu katikati.

Mazoezi tulifanya na Arap Gunia, marehemu asiyezikwa. Ni gunia la mbolea lililojazwa matambara, ndani yake kuna chupa ngumu ya plastiki, na ukifika kina kinachotakiwa chupa inalia *kwa*. Usipofika, kimya. Nilimpenda Arap Gunia kwa sababu hakuwa na heshima kwa mtu yeyote. Metroni watatu wamembonyeza na akawanyamazia wote watatu. Chini yake tunaweka ule ubao, kiganja katikati ya kifua, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono, unasukuma kwa uzito wa mwili. Dakika mbili unatoka, hata kama unajisikia mzima. Mtu aliyechoka ndiye wa mwisho kujua kwamba amechoka.

Sista Rebeka alistaafu, akachuma chai yake miaka kadhaa, akafariki. Tulimzika kwake Mogogosiek. Niliendelea na gunia.

Mwaka wangu wa mwisho waliniletea Cherotich, muuguzi mpya, binti wa Kapsoit, mpole, sauti ya chini kiasi kwamba wakati wa kukabidhiana zamu tulikuwa tunainama wote kumsikiliza. Kazi yake ilikuwa safi, na aliniita Daktari ingawa mimi ni muuguzi kama yeye. Lakini tukimweka ahesabu kwenye gunia, hakuweza. Nilibonyeza vibaya makusudi, juujuu kabisa, chupa imenyamaza.

“Unaona nini?” nikamuuliza.

“Daktari, kama hutakasirika… labda… iko sawa tu.”

“Chupa imelia?”

“Haijalia.”

“Basi sema.”

Alifungua mdomo, akafunga, akacheka kwa aibu akashika uso. Niliona mdomo wangu wa zamani ukiwa umehamia kwa mtoto wa watu. Nilirudia naye Alhamisi baada ya Alhamisi. Aliweza kuwaambia wenzake. Kuniambia mimi hakuweza, na siku za kustaafu zilikuwa zinakaribia.

Sherehe ya kuniaga mliiona, lakini wa zamu ya wodini waliisikia kwa wengine tu, kwa hiyo nitaieleza. Ilikuwa alasiri, hema kwenye nyasi mbele ya wodi ya wajawazito, keki, soda, kwaya. Nilipewa saa ya ukutani, mkokoteni, na blanketi zito lenye mistari. Metroni mwenyewe alinivika blanketi, akalifunga fundo mbele ya shingo, watu wakapiga makofi. Alisema hakuna muuguzi katika hospitali ile ambaye hakufundishwa nami kubonyeza kifua. Nilijisikia vizuri, kwa nini niwafiche.

Langat, aliyekuwa amestaafu miezi michache kabla, akaitwa aseme machache. Alisema mengi. Aliwaambia jinsi nilivyotapika ndani ya gari lake kona za Konoin, jinsi nilivyomwita “mheshimiwa dereva” mwezi wa kwanza. Watu walicheka hadi machozi. Akamalizia, “Mgusii, sasa nani atakushikia mlango?” akageuka kwenda kwenye kiti chake, akaanguka kifudifudi.

Nilikuwa karibu kuliko wote. Nilimgeuza, nikamwita, nikatafuta mapigo shingoni. Hayakuwapo. Nikasema walete mashine ya kushtua moyo, nikaweka viganja vyangu katikati ya kifua cha rafiki yangu nikaanza. Cherotich alipiga magoti upande wa pili. Muuguzi mwingine akaja kichwani na mpira. Aliyekuwa mdogo kuliko wote alikuwa Cherotich, na bila kuambiwa akaanza kuhesabu.

Ardhi ilikuwa ngumu chini ya tope jembamba la mvua ya asubuhi, ubao haukuhitajika. Mikono yangu ilijua mahali. Lakini blanketi lilikuwa limeanza kuteleza begani, nami, bila kujua, nilikunja kiwiko cha kushoto ili nilizuie lisianguke. Kwetu huwezi kudondosha zawadi ya heshima kwenye matope mbele ya waliokuvika. Sikuwaza hivyo, nawaapia. Kiwiko ndicho kilichowaza. Nilibonyeza kwa mkono mmoja na nusu, nikiamini nabonyeza kama nilivyowafundisha wote.

“Chini,” Cherotich akasema.

“Sawa,” nikajibu, wala sikubadilisha kitu.

“Chini!”

Emsii, mwendesha sherehe aliyekuwa bado ameshika kipaza sauti, akasema ndani yake bila kukusudia watu wote wasikie, “Msichana, huyo ni mzee wetu.”

Cherotich hakumtazama. “Blanketi. Toa blanketi.” Hilo halikuwa kati ya maneno manne. Kisha akasema lile ambalo halijadiliwi: “Badilisha.”

Dakika mbili hazikuwa zimefika. Nawaambia ukweli, sikutaka kutoka. Aliyekuwa chini ya mikono yangu alikuwa Langat, na nyuma yangu walikuwa watu wote walionipigia makofi robo saa iliyopita. Niliwaza, huyu mtoto hajui. Mdomo wangu ulikuwa umeshaanza kumwambia kitu, nami nashukuru Mungu kwamba sikumbuki ni kitu gani.

“Badilisha!” Sauti ile sikuijua. Nikatoka.

Aliingia viwiko vimenyooka, na kwenye msukumo wake wa tatu au wa nne nilisikia ubavu wa Langat ukilia. Hakusita. Nilichukua hesabu mimi, blanketi likiwa matopeni na magoti yangu juu yake. Mashine ilifika. Tukamshtua mara moja, Cherotich akabonyeza tena dakika mbili nzima, tukamshtua mara ya pili. Langat akavuta pumzi kama mtu aliyetoka chini ya maji, kisha akakunja uso kwa maumivu. Sijawahi kuona uso uliokunjwa vizuri hivyo.

Alipelekwa hospitali kubwa, akalazwa, akarudi kwake. Nilipomtembelea alikuwa amekaa uani na mto kifuani.

“Nani alivunja mbavu yangu?” akaniuliza.

“Cherotich.”

“Na wewe ulivunja ngapi?”

“Hata moja.”

Alifikiri. “Basi hiyo kuku nilikuwa nimekuwekea ni ya Cherotich.”

Kuku nilimpeleka mwenyewe. Lakini kabla ya kuku kulikuwa na chai, alasiri ile ile, Langat akiwa njiani kupelekwa na sisi tukiwa hatujanawa matope. Tuliingia jikoni. Sikuwa mfanyakazi tena, mkono wa kwaheri nilikuwa nimeshapewa, lakini mwenye umri mkubwa nilikuwa mimi.

“Kosa langu ni blanketi,” nikasema. “Nilishika heshima yangu kwa kiwiko, na rafiki yangu anakufa. Na nilipoambiwa nitoke, nilichelewa.”

Zamu ikamfikia Cherotich. Nilidhani ataomba radhi kwa kunipigia kelele mbele ya watu, na nilikuwa nimejiandaa kumkataza.

“Kosa yangu, Daktari…” Akafuta macho kwa mgongo wa mkono. “Niliona hiyo kiwiko mapema. Lakini nilihesabu kwanza mpaka kumi na tano, ndio nikasema.”

“Kwa nini?”

“Ilikuwa siku yako.”

Nilichukua birika nikamwongezea chai, maana nilihitaji kitu cha kufanya kwa mikono. Nikamwambia kumi na tano ni nyingi, mara nyingine iwe tano, na nyingine iwe moja. Kisha nikamsimulia habari za karani wa mizani, na mama aliyetushukuru akiwa na kapu mgongoni. Akaniuliza mimi nilihesabu ngapi kabla ya kusema. Nikamwambia nilihesabu kumi na tano, nikaanza upya, nikaanza upya, mpaka Sista aliposema basi.